Tumelala kwenye hema siku nne ufukweni Kigoma, katikati ya miti. Karibuni niwaeleze

Mtoto wa Relini

Wakuu habari za jioni. Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu ila kuandika siandikagi, leo acha nishushe uzi maana kuna jambo limenikaa moyoni tangu tumerudi na naona nisipoliandika litapotea.

Nimezaliwa Kigoma, Mwanga pale, baba alikuwa mtu wa reli ndo maana ya hilo jina. Tuliondoka nikiwa darasa la tano tukahamia Tabora kisha Dar. Miaka yote hiyo nikirudi Kigoma ratiba ni ile ile, nafikia kwa mama Ujiji, nasalimia wagonjwa, naenda makaburini kwa babu, nakula, siku ya tatu nageuza. Ziwa naliona pale stesheni tu ukishuka kwenye treni. Wanangu wawili, wa kike ana miaka 11 na wa kiume 7, walikuwa hawajawahi hata kulowesha miguu kwenye maji ya Tanganyika, na mimi nimezaliwa nusu saa kwa mguu kutoka kwenye maji hayo. Hilo lilikuwa linaniuma.

Basi likizo ya Desemba iliyopita nikasema safari hii tunaenda na tunalala ziwani. Sio hotelini. Hema. Mke wangu alinitazama akaniuliza una uhakika, nikamwambia nina uhakika.

Tulikwenda kwa treni kwa sababu nilitaka watoto waione njia. Karibu siku mbili, kilomita zaidi ya 1,250 mpaka mwisho wa reli. Pale Saranda wakala kuku wa dirishani, Tabora wakakuta maembe, Uvinza nikawaonyesha kule chumvi inakotoka. Halafu ile kona ya mwisho treni inateremka na maji yanatokea kulia, mdogo akasema baba hii bahari? Nikamwambia hapana hili ziwa, onja. Alionja kesho yake akakuta kweli halina chumvi, akaenda kumwambia dada yake kama vile yeye ndo wa kwanza kugundua.

Tulipolala ni kambi ya Jakobsen, wenyeji wengi wanapajua, unatoka mjini unapita Katonga pale kwa wavuvi unaendelea mbele na barabara ya vumbi. Ni msitu wa miti ya kawaida ya kwetu, miombo, umeteremka kwenye mlima mpaka kwenye maji, na chini kuna vifukwe viwili vya mchanga vimebanwa na mawe. Ukitoka kwenye hema unashuka njia ya mawe dakika chache uko kwenye maji. Maji ukisimama mpaka kifuani unaona vidole vyako vya miguu na samaki wadogo wanazunguka vifundo, wengine wa njano, wengine wana mistari ya bluu. Binti yangu alikuwa amebeba miwani ya kuogelea ya shule, akawa haangalii kitu kingine siku nne nzima.

Kuna pundamilia. Narudia, kuna pundamilia wanatembea kati ya miti, hawana habari na mtu. Asubuhi ya kwanza saa kumi na mbili nimesikia kitu kinang'oa majani karibu kabisa na kichwa changu, krak krak krak, nikafungua zipu kidogo kidogo nikakuta kwato nne hapo, hatua mbili. Nikamwamsha mdogo nikamziba mdomo kwa mkono. Tulikaa tumepiga magoti wawili tunachungulia kwenye upenyo wa zipu, yule mnyama anakula, pua yake inatoa mvuke, tumbo lina matope yaliyokauka kwenye ile mistari myeupe. Mtoto alikuwa anatetemeka, sijui baridi sijui furaha. Mbuga nimeshaenda, Mikumi nimeenda na gari la ofisi, lakini kumwona mnyama ukiwa umelala chini kama yeye ni kitu kingine.

Nitaendelea, nikaangalie chakula jikoni.

Mkwe wa Kasulu

Mkuu hongera kwa safari ila naomba niulize kwa nia njema. Una mama Ujiji, ana nyumba, ana vitanda. Unapitaje nyumbani kwa mama yako unaenda kulipa hela ili ulale chini porini? Sisi tuliokulia vijijini kulala chini tulikuwa tunakukimbia. Haya mambo nayaona ni ya wageni wanaokuja kutafuta walichokikosa kwao. Mzazi alilichukuliaje?

Mtoto wa Relini

Ndugu yangu umegusa pale pale. Mama alikasirika.

Tulipofika Ujiji tulilala kwake usiku wa kwanza kama inavyotakiwa. Asubuhi naanza kufunga mizigo akaniuliza mnaenda wapi, nikamweleza. Akanyamaza. Halafu akasema, "Nyumba hii mimi na baba yako tumeijenga tofali kwa tofali ili wajukuu wetu wasilale chini." Mkuu hayo maneno yalinipata. Nikakaa chini kwenye mkeka nikamwambia mama, sikimbii nyumba yako, nataka watoto walijue ziwa kama wewe ulivyolijua. Hakujibu, akaenda jikoni. Lakini wakati tunaondoka akatupa kidumu cha mawese, sado moja ya dagaa na unga wa muhogo, akasema mtakufa njaa huko.

Usiku wa tatu alikuja. Hilo nitalieleza, ni ndo sababu yenyewe ya uzi huu.

Kipepeo wa Mbezi

Dada wa Dar hapa, nimeusoma huu uzi nikamwonyesha mume wangu. Naomba mambo ya vitendo kaka, hema lipi, mnapika nini, choo, usalama wa watoto, mbu. Nina mtoto wa miaka minne. Na nyoka jamani, msitu na nyoka naviogopa kufa.

Mtoto wa Relini

Dada karibu. Naanza na nilipokosea ili wewe usikosee.

Hema nilinunua Kariakoo duka moja, muuzaji aliapa halipitishi maji. Desemba Kigoma ni mvua, na mvua ya kule haina mzaha, inatoka upande wa Kongo unaiona inakuja juu ya maji kama pazia la kijivu, dakika kumi baadaye iko kichwani kwako na radi juu. Usiku wa kwanza saa tisa maji yakaanza kudondoka kwenye mshono wa juu, tone, tone, kwenye paji la uso la mke wangu. Alichofanya alihamisha kichwa akaweka sufuria pale. Asubuhi nikapanda boda nikaenda Mwanga sokoni nikanunua turubai kubwa na kamba za manila, nikalifunga kwenye miti minne juu ya hema na upande mmoja nikaushusha chini zaidi ili maji yakimbilie huko, tangu hapo hatukulowa. Kwa hiyo dada hema lolote utakalonunua, lisimamishe uani kwako umwagie ndoo mbili za maji kabla ya safari. Na turubai beba hata kama ni kiangazi.

Chini tuliweka turubai lingine dogo, halafu magodoro membamba ya sponji, halafu mashuka na mablanketi mawili. Baridi ya alfajiri ipo kwa sababu ya maji na miti, sio ya Makete ila mtoto utamfunika.

Kupika tulijipikia kila kitu. Mtungi mdogo wa gesi kwa chai na uji, mkaa kwa samaki. Samaki tunafuata Katonga asubuhi boti zikirudi, migebuka bado inang'aa kama imepakwa mafuta, unaipasua mgongoni unaikausha juu ya mkaa na chumvi na ndimu basi. Kuni tusikate jamani. Ule msitu upo kwa sababu kuna watu wameamua usikatwe, ukitoka nje ya pale ukaangalia vilima vya jirani utaelewa nasema nini, ni vipara. Mkaa nilinunua mjini, nikabeba majivu yote na takataka zote kwenye kiroba nikarudi nazo.

Tumbili wapo wengi na ni wezi. Mke wangu ameweka mkate juu ya meza amegeuka kuchukua majani ya chai, tumbili mmoja akashuka akaondoka na mkate mzima akiwa ameukumbatia kifuani, mtoto wake ananing'inia tumboni. Msiwape chakula hata wakiwatia huruma, wakizoea wanakuwa wakali kwa watoto. Vyakula vyote kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, na hema lifungwe zipu muda wote hata ukienda kuchota maji tu.

Mbu wapo, Kigoma malaria ipo, hilo lisifanyiwe utani. Neti ndani ya hema, mikono mirefu jua likizama, dawa ya kupaka. Mkirudi mtoto akipata homa hata wiki mbili baadaye kapimeni siku hiyo hiyo.

Nyoka nchi kavu hatukumwona hata mmoja, ila viatu vinakung'utwa kila asubuhi na tochi usiku kila mtu ana yake. Kwa ya majini namwachia anayejua.

Nahodha wa Kipe

Asanteni kwa uzi, mimi ni mtu wa hapa hapa, nimekuwa kwenye maji tangu utoto. Niongezee kwenye hilo la majini maana wageni wengi hawaambiwi.

Nyoka wa maji yupo. Ni jamii ya swila, ana sumu ya kweli, anaishi kwenye mawe na chakula chake ni samaki. Lakini hana ugomvi na mtu. Mimi nimemwona mara nyingi, anapita zake, anatoa kichwa kuvuta hewa anazama. Shida inakuja mtu akiingiza mkono kwenye mapango ya mawe chini ya maji au akimkanyaga. Kwa hiyo watoto waogee kwenye mchanga, wasichezee kule kwenye mawe, na ukimwona kaa kimya mwache apite.

Cha kuogopwa zaidi ya nyoka ni kina. Hili ziwa sio Victoria. Victoria unatembea na maji yanapanda taratibu, hapa kwenye mawe unapiga hatua mbili unakuta hakuna chini. Pale penye kina kuliko kote inafika mita 1,470, Baikal ya kule Urusi ndo peke yake inayolizidi duniani. Mtu anaona maji meupe anaona chini anadhani ni pafupi, kumbe anaona mita sita. Mtoto asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea hata kama yuko ukingoni, na mtu mzima mmoja kazi yake iwe kuangalia tu, asiwe na simu mkononi.

Mamba wapo ziwani lakini wanapenda midomo ya mito na kwenye matete, kama kule Luiche na Malagarasi. Ufukwe wa mawe na maji meupe sio makazi yao, ila kila unapofika uliza wenyeji kwanza. Kichocho nacho hivyo hivyo, konokono wake anapenda maji yaliyotulia yenye majani na penye watu wengi wanaofulia na kuoga. Usiogee kwenye matete wala kwenye mwalo wa kijiji.

Na upepo. Kiangazi, kuanzia kama mwezi wa tano mpaka wa tisa, kusi inavuma, mawimbi yanakuwa makubwa mchana. Asubuhi ndo muda wa kuogelea.

Mkwe wa Kasulu

Nahodha asante, hii ya kina nilikuwa siijui na nimeishi mkoa huu miaka 40.

Mama Dagaa Kibirizi

Wanangu habari. Mimi nauza dagaa, niwape siri ya lini mje. Angalieni mwezi. Mkija wakati wa mbalamwezi hamtaona kitu ziwani usiku, wavuvi wanapumzika kwa sababu taa haina kazi mwezi ukiwaka, dagaa hawaifuati. Njooni wakati wa giza. Giza likiingia boti zinatoka na taa zao, zamani ilikuwa karabai za mafuta ya taa sasa hivi wengi ni za betri na sola, na dagaa wanaifuata ile taa wanapanda juu, wavu unanyanyuliwa kutoka chini. Mkiwa mmekaa huko msituni mtaona ziwa zima limejaa taa, mgeni anadhani kuna mji ng'ambo.

Jambo lingine, mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaane, na nchi zinazolizunguka zilikubaliana. Sisi wauzaji ilitubana sana sana, nisiwafiche, nilikula akiba yote. Lakini lilipofunguliwa dagaa walikuwa wakubwa na wengi, nilivyoanika ile mara ya kwanza nilisimama tu nikawatazama. Kwa hiyo mkitaka kuja miezi hiyo ulizeni kwanza kama limefungwa, msije mkakosa taa na samaki mkasema Kigoma hamna kitu.

Mtoto wa Relini

Mama Dagaa shikamoo. Umenirahisishia maana ndicho nilichotaka kusimulia.

Usiku wa tatu ulikuwa giza. Mchana wake saa kumi hivi nasikia boda inaguna kwenye mlima, nageuka namwona mama yangu ameketi nyuma, khanga kichwani, mkononi ameshika sufuria iliyofungwa kitambaa. Ana miaka 71. Nikakimbia kumpokea, nikamuuliza mama kuna nini, akasema, "Nimekuja kuona mnavyolala." Kwenye sufuria kulikuwa na kuhe, samaki wa ziwani kwetu, wa nazi.

Akakagua hema. Akaingiza mkono chini ya godoro kuona kama kuna unyevu. Akanirekebisha kamba moja ya turubai, akasema fundo hili litateleza, akalifungua akafunga fundo ambalo sijawahi kuliona. Nikamuuliza umejifunzia wapi, akasema kwa baba yangu, hivi ndivyo alivyokuwa anafunga mtumbwi.

Wakuu nina miaka 44. Nilijua babu alikuwa mvuvi kwa maana ya kusikia tu, kama unavyojua babu wa mtu fulani alikuwa fundi. Sijawahi kusikia mama anasimulia. Tukashuka naye ufukweni polepole, binti yangu amemshika mkono, akavua ndala akakaa kwenye mchanga miguu ndani ya maji. Kule kwetu jua linachelewa, ni saa moja na kitu ndo linazama, na kwa kuwa mvua ilikuwa imesafisha anga milima ya Kongo ilionekana yote mpaka mabonde yake. Likazama nyuma ya milima. Hakuna aliyesema kitu.

Halafu taa ya kwanza ikawaka. Halafu ya pili. Mama akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, akafika 30 akaacha. Akasema baba yake alikuwa anatoka na karabai mbili, mama yake alikuwa anakaa ukingoni na watoto mpaka taa zote zimefika mbali, kwa sababu wewe mwenyewe huwezi kuijua taa ya mumeo ni ipi kati ya zote, kwa hiyo unaziombea zote. Akasema usiku mmoja ilitoka dhoruba taa zikazimika zote kwa pamoja, na kuna wengine hawakurudi, babu alirudi asubuhi akitokea kusini kwa mguu bila mtumbwi. Mama alikuwa na miaka sita. Akasema hajawahi kukaa ukingoni usiku tangu aolewe.

Mdogo akamuuliza bibi, wewe unaogopa? Akamwambia hapana, sasa hivi niko na nyie.

Alilala na sisi. Tulimpa upande wa ndani kabisa, mimi nikalala nje chini ya turubai.

Kipepeo wa Mbezi

Nimelia ofisini jamani.

Mwana wa Nyarugusu

Salama ndugu zangu. Nimefikiria kama niandike ama niache, naandika.

Mimi ni Mkongo, wazazi ni wa Fizi, lakini nimekulia Nyarugusu, kule Kasulu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1996. Sasa hivi niko Amerika, Michigan, mji wa Grand Rapids. Niliposoma maneno ya Mkwe wa Kasulu kwamba kulala chini tulikuwa tunakukimbia, nilimwelewa kabisa. Kwangu miye neno kambi na neno hema ni utoto wangu. Tulikuwaka watu wanane ndani ya hema moja mwanzoni, jua likiwaka ndani ni kama tanuri, mvua ikija baba anashikilia mti wa katikati kwa mikono mpaka ipite. Baadaye tukajenga za udongo. Kwa hiyo nilipofika huku nikaona watu wenye nyumba nzuri wanapakia mahema kwenye magari wanaenda kulala porini kandokando ya ziwa, niliona ni kama wanachezea kitu cha maumivu. Miaka tisa nilikataa. Wenzangu wa kazini wanaalika, nakataa.

Watoto wangu ndo walinishinda. Shule ilikuwa na safari, wakarudi wanaomba. Nikawapeleka kwenye msitu mmoja wa serikali ya jimbo, karibu na Ziwa Michigan, miti ya misonobari na mchanga mweupe, kila familia na nafasi yake na meza ya mbao na duara la chuma la kuwasha moto. Maji yalikuwa baridi kwelikweli, na ilikuwa mwezi wa saba. Usiku nikashindwa kulala. Nasikia kitambaa cha hema kinavyopiga na upepo, ile sauti ni ile ile. Nikatoka nikakaa nje. Mke wangu akatoka akakaa kando yangu, naye ni wa Nyarugusu, hatukuongea. Asubuhi mtoto wa mwisho akatoka kwenye hema anacheka, nywele zimejaa majani, akaniambia hii ndo siku nzuri kuliko zote.

Hema lile lile. Lakini yeye alijua kesho anarudi nyumbani. Ni hilo tu. Mtu anayejua kuna nyumba inamngoja, hema ni furaha. Nilimtazama nikamshukuru Mungu kwamba yeye haijui ile sauti kama ninavyoijua miye.

Tunaenda kila mwaka sasa. Na ziwa la kwetu nalitamani. Huku hili Michigan ni kubwa huoni ng'ambo, lakini Tanganyika ukikaa upande wowote unaiona milima ya wenzako, Tanzania inaona Kongo na Kongo inaona Tanzania.

Mkwe wa Kasulu

Ndugu Mwana wa Nyarugusu, nakuomba radhi kama maneno yangu yalikugusa vibaya. Kambi ile naijua, nimefanya biashara ya mahindi pale getini miaka kadhaa, huenda nimewahi kumuuzia mzee wako. Nimekaa na maneno yako tangu asubuhi. Nakupa pole na nakupa hongera.

Mwana wa Nyarugusu

Hapana mzee wangu, haukunikosea. Uliongea kweli na miye nikaongeza yangu. Mahindi ya pale getini tumeyala sana, Mungu akubariki.

Nahodha wa Kipe

Siku ukija nitakupeleka bure mpaka Gombe, kule hifadhi ya sokwe, wewe na watoto.

Mrembo wa Tabata

Uzi umenifundisha mengi. Maswali mawili ya haraka, bei ya kulala na je naweza kuunganisha na Gombe na Ujiji kwa siku nne hizo hizo?

Mtoto wa Relini

Bei sitaitaja ya mwaka jana ikaja kukuharibia bajeti, wapigie kabla. Ukija na hema lako ni nafuu kuliko kulala kwenye vyumba vyao, hiyo ndo kawaida ya kambi zote.

Ujiji siku moja inatosha, nenda pale kwenye mnara walipokutana Livingstone na Stanley 1871, miembe ipo, na ushuke mpaka mwaloni wanapochonga mitumbwi, mimi kuchonga mitumbwi ndo kulinivutia zaidi. Gombe ni safari ya boti kaskazini, sokwe unawafuata kwa mguu mlimani na mwongozaji, watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe kwa hiyo ulizia umri kabla hujawaahidi. Ushauri wangu usijaze. Sisi siku nne zote hatukwenda popote zaidi ya Katonga kununua samaki, na bado mwanangu alilia kuondoka. Ukitaka Gombe ongeza siku mbili.

Na MV Liemba mkiikuta bandarini waonyesheni watoto, ile meli imejengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa kwenye vita ya kwanza, Waingereza wakaiibua 1924. Mama anasema babu alikuwa akiisikia honi yake usiku anajua saa.

Kipepeo wa Mbezi

Kaka tumekata tiketi! Tunaenda mwezi wa kumi na mbili shule zikifunga, nimeshaangalia kalenda tunafika wakati wa giza kama alivyosema Mama Dagaa. Jaketi la kuokolea la mtoto nimepata. Kilichobaki ni hema, na nilitaka kukuomba kama hutojali, kwa kuwa sisi tunajaribu tu mara ya kwanza, tunaweza kuazima la kwako? Nitakuja kulichukua popote ulipo hapa Dar.

Mtoto wa Relini

Dada ningekupa kwa mikono miwili lakini halipo Dar. Siku tunaondoka nilikuwa nalikunja nipakie, mama akasema liache. Mshono wa juu ameshaushona kwa uzi wa nyavu akaupaka nta, amelifunga ndani ya turubai ameliweka juu ya kabati chumbani kwake. Kila akipiga simu ananiambia panya hawajaligusa.

Nitumie ujumbe pembeni nikupe namba yake. Mpitie Ujiji mkamsalimie, atawapa, na atataka kwenda na nyie kulifunga mwenyewe.